Hesabu ya Shimo

Tumefunga uzi vigingini tangu Jumamosi,
mita nane kwa nne, nyuma ya jikoni,
na mbwa keshazoea kuuruka.
Kwa sasa bwawa letu ni mstari wa manjano
juu ya nyasi kavu za Lang'ata.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Kavinya anataka vigae vya samawati,
si samawati ya sare za shule, anasema,
samawati ya... na mkono wake unaelea hewani
ukitafuta rangi isiyo na bei.
Naandika: vigae. Naacha nafasi.

Wafubwa, mkandarasi, alichota udongo, akautemea mate,
akaufinyanga kiganjani kama tonge.
"Mweusi huu hauna adabu," alisema.
"Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka,
na bwawa lako utalikuta limenuna, ufa hapa, ufa pale.
Tuuzoe wote hadi tukutane na mwamba,
tujaze mawe, tushindilie, ndipo tuongee nondo."
Malori kumi na sita ya kutoa.
Malori tisa ya kuleta.
Sikujua kwamba kitu cha kwanza kununua
ukitaka maji
ni mawe.

Basi daftari likaanza kula.
Kibali cha kaunti. Mchoro, na muhuri wa mchoro.
Zege la kumimina siku moja bila kupumzika,
pampu, chujio, klorini,
waya wa umeme upitao chini ya mpapai wa jirani
na soda za kumtuliza jirani.
Asilimia kumi na tano ya dharura,
ambayo Kavinya huiita fungu la Wafubwa.
Usiku nasikia pampu ambayo hatujainunua
ikinguruma ndani ya bili ya stima.

Na maji yenyewe?
Mfereji wetu hukohoa Jumanne, hutema Alhamisi,
wiki nyingine hupiga mluzi tu.
Boza, basi. Maboza matano, la tano lisimalizike.

Mama alitoka na kiti chake cha plastiki
akaketi ndani ya uzi, upande wa kina kirefu.
"Mitungi mingapi?"
Nilidhani anatania.
Nikapiga: lita elfu arobaini na nne na mia nane,
gawanya kwa ishirini,
mitungi elfu mbili, mia mbili na arobaini.

Akafumba macho. Kule Tseikuru, yeye na mgongo wake
na mkanda wa ngozi kipajini
walishuka mtoni mara mbili kwa siku,
mto wa mchanga, wa kufukua kwa kibuyu.
Mtungi asubuhi, mtungi jioni.
Alihesabu kwa midomo, nami nikimfuata nyuma na kalamu:
miaka mitatu
na siku ishirini na tano,
bila Jumapili, bila homa, bila kuzaa.

Nikalifunga daftari.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba;
hakuna aliyetuambia ni haba ngapi, wala za nani.
Kavinya alileta chai. Mbwa akaruka uzi, akaruka tena.

Ndipo mama: "Na usiku mtalifunika na nini?"
"Kulifunika?"
"Sisi kisima tulikiwekea matawi ya miiba,
mbuzi wasitumbukie. Na watoto. Watoto kwanza."

Nikapekua kurasa zote nne.
Taa za chini ya maji zipo, viti vya kuotea jua vipo,
hata soda za jirani zipo.
Kifuniko hakuna. Uzio hakuna.
Na Syomiti wetu, miaka mitatu na kidogo,
alikuwa amechuchumaa pale pale penye kina, aking'oa nyasi.

Nimefuta viti. Nimefuta taa.
Nimeandika uzio, nimeandika kifuniko,
na ngazi moja pana, ya chini, ya kumketisha mtu mzima
aloweke miguu.
Vigae bado ni nafasi.
Wafubwa anasema kifuniko kitaagizwa ng'ambo,
bei atanipa Jumatatu.
Mama anasema miiba ipo, bure, nyuma ya choo cha mlinzi.